Njia ya Mashariki: Kwa Wanaotembea Namugongo kwa Mara ya Kwanza

Baba Paroko, Mchungaji wetu uliyekuja kutoka kanisa la jirani, wazee, kina mama, na nyinyi vijana mliobanana kule mlangoni: Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa ndugu zetu Waanglikana, Bwana asifiwe.

Nimepewa nafasi nizungumze na wale watakaokwenda Namugongo, kule Uganda, kwa miguu kwa mara ya kwanza mwaka huu. Najua mnachokisubiri. Mnataka kuambiwa viatu gani vinafaa, tutalala wapi, na pale mpakani wataomba karatasi gani. Nitayasema hayo yote, tena kwa urefu, maana kazi yangu katika kikundi hiki ni afya, na nimeona lengelenge dogo la kisigino likimrudisha nyumbani kijana mwenye nguvu zake. Lakini niruhusuni nianze mbali kidogo, hapa hapa Mumias, mwaka 1885.

Habari ya Mashahidi wa Uganda wengi wetu tunaijua kuanzia kwenye moto. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana, Charles Lwanga na wenzake walichomwa Namugongo kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Watoto wa katekisimu wanamjua Kizito, mdogo wao, aliyekuwa na miaka kama 14. Tunawajua Wakatoliki 22 ambao Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na tunawajua Waanglikana 23 waliouawa katika miaka hiyohiyo. Ni vizuri kuyajua hayo. Ila sisi tunaotoka upande huu wa mashariki tuna sehemu yetu ya habari hiyo, imelala kwenye barabara tunayopita kila Mei, na tunaipita tukiimba bila hata kusimama.

Siku zile, wamisionari waliokwenda Buganda walipitia Bagamoyo, wakapanda hadi Tabora, wakafika kusini mwa Ziwa Viktoria, kisha wakavuka kwa mitumbwi. Ndivyo alivyofika Padre Lourdel, yule ambaye Waganda walimwita Mapera, mwezi Februari 1879. Ilikuwa safari ya miezi, na homa ilizika watu wengi njiani. Askofu James Hannington wa Kanisa la Kianglikana aliona kuna njia iliyo fupi zaidi. Julai 1885 aliondoka Rabai, nyuma ya Mombasa, na msafara wa watu wapatao 200. Wakapita Taita, Ukambani, Naivasha, Baringo, wakashuka magharibi. Mwezi wa Oktoba wakafika mahali palipoitwa Kwa Sundu. Wazee mliokaa hapa mbele mnajua ni wapi. Ni hapa, kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, mwana wa Shiundu.

Kilichomngoja Hannington mbele ni hofu ya watu wengine. Buganda ilikuwa na imani ya siku nyingi kwamba atakayekuja kuila nchi atatokea mashariki, kupitia Busoga. Busoga ulikuwa mlango wa uani, na mgeni mwema hapiti uani. Mwaka huohuo meli za kivita za Wajerumani zilikuwa zimetia nanga mbele ya Zanzibar kumtisha Sultani Barghash, na habari za pwani zilikuwa zikifika kasri la Mwanga. Kijana yule mfalme, aliyetawazwa mwaka mmoja tu kabla, akasikia kwamba Mzungu anakuja kwa mlango uleule.

Hannington aliacha sehemu kubwa ya msafara hapa, chini ya shemasi Mwafrika aliyeitwa William Jones, akaendelea na watu kama 50. Alikamatwa kwa chifu Luba, nchi ya Bunya, huko Busoga. Akafungiwa siku kadhaa wakati wajumbe wakienda kwa Kabaka na kurudi. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa, na watu wake wakauawa pamoja naye. Walionusurika walikuwa wachache mno.

Nataka tukae hapo. Wale watu walikuwa wapagazi. Walikuwa watu wa huku kwetu, wa pwani na wa bara, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili hiki ninachozungumza nanyi sasa hivi. Mzigo wa mpagazi wa siku zile ulikuwa kama frasila mbili, kilo 30 na ushei, kichwani au begani, kutwa nzima: vitambaa vya kulipia njia, shanga, waya, mahema, masanduku ya vitabu. Hannington tunamjua. Shajara yake ilipatikana, ikachapishwa, mifupa yake ikazikwa Namirembe, na Waanglikana wanamkumbuka kila tarehe 29 Oktoba, nao wana haki ya kumkumbuka. Wale waliombebea chakula, hema na Biblia, waliokufa mchana uleule kwa mikuki ileile, hatuwataji hata kwa pamoja.

Jones alikaa hapa Kwa Sundu akingoja. Habari ilipomfikia na akawa hana shaka tena, aliwakusanya waliosalia, akawarudisha kwa miguu njia yote ile hadi Rabai. Walifika mwanzoni mwa Februari 1886 wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa Ikabodi, neno la kitabu cha kwanza cha Samweli: utukufu umeondoka. Fikirini kina mama wa Rabai wamesimama kando ya njia, macho yakipita uso kwa uso kwenye ule mstari, kila mmoja akimtafuta wake.

Kifo kile ndicho kilichofuatwa na vingine. Vijana watatu Waanglikana walikuwa wameshauawa Januari ya mwaka huo, hilo tulikumbuke. Lakini aliyesimama kasrini kumwambia Kabaka kwamba amefanya vibaya kumuua mgeni bila hata kumsikiliza alikuwa Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, mwangalizi wa vijana wa kasri. Tarehe 15 Novemba 1885 akakatwa kichwa na mwili wake ukachomwa. Ndiye wa kwanza kati ya wale 22. Kazi yake ya kuwalea vijana ikashikwa na Charles Lwanga, na mnajua alikowafikisha.

Ndiyo maana huwa sikubaliani na mtu anayeniambia kwamba kutembea ni nauli tu, kwamba hija yenyewe inaanzia kwenye lango la Namugongo. Kama ingekuwa hivyo, basi la jioni lingetosha. Sisi wa mashariki tunatembea juu ya damu tangu Busoga, na damu hiyo kwa sehemu kubwa ni ya watu wasiotajwa, waliokuwa wakibeba mizigo ya wengine. Mkiliweka hilo moyoni, mengi ya namna ya kutembea yatajipanga yenyewe.

Mashahidi wenyewe walitembea pia. Walihukumiwa Munyonyo, kando ya ziwa, wakatembezwa wakiwa wamefungwa hadi Mengo, kisha hadi Namugongo. Baadhi hawakufika. Gonzaga Gonza, Msoga, miguu yake ilikuwa imeraruliwa na minyororo. Alishindwa kuendelea, wakamuua Lubawo tarehe 27 Mei. Kila mara ninapoosha kidonda cha mhujaji jioni namkumbuka Gonza. Nchi yake ndiyo tutakayotumia siku nyingi zaidi kuivuka.

Haya, miguu.

Usinunue kiatu kipya kwa ajili ya safari hii. Kama umeshanunua, kivae kuanzia kesho, shambani, sokoni, kanisani, hadi kisahau kwamba ni kipya. Raba iliyouzoea mguu wako ni bora kuliko buti la bei kubwa. Iwe kubwa kidogo, kwa sababu mguu huvimba kufikia saa nane mchana. Vaa soksi mbili, ya ndani nyembamba, ya nje nzito, ili msuguano uwe kati ya soksi na soksi, usiwe kati ya soksi na ngozi. Asubuhi kabla ya sala paka vaselini kisiginoni na katikati ya vidole. Kata kucha siku tatu kabla ya kuondoka, usikate usiku wa kuamkia safari, kwa sababu ukikata sana utatembea na kidole chenye jeraha.

Sasa sikilizeni hili kuliko yote. Kabla lengelenge halijatoka, kuna joto. Unalihisi mahali pamoja, kisiginoni au chini ya dole gumba, kama kitu kinachochoma kwa mbali. Hapo hapo simama. Kaa kando ya barabara, vua kiatu, kung'uta mchanga, nyoosha soksi, kausha mguu, bandika plasta. Ni dakika tano tu. Watu hawasimami, na nimeuliza sana ni kwa nini, na jibu huwa moja: waliona haya kuwachelewesha wenzao. Mwishowe yule aliyeona haya ya dakika tano ndiye tunayemngoja nusu siku, au tunampakia kwenye gari akilia. Kwenye kikundi hiki kusimama si aibu. Piga kelele tu, useme "joto", na walio karibu nawe watasimama nawe.

Likitoka dogo, liache. Likiwa kubwa na limejaa maji linabana, njoo kwetu. Tutalitoboa pembeni kwa sindano safi, maji yatoke, na ile ngozi ibaki palepale juu, kwa sababu hiyo ndiyo bandeji bora kuliko yoyote niliyo nayo kwenye kisanduku. Kijana atakayeichuna ngozi kwa mikono yake usiku amelala atajua asubuhi nilikuwa nasema nini. Na wenye kisukari, tafadhali, mje mniambie leo kabla ya kutoka ukumbini. Sitawazuia kwenda. Nitakagua miguu yenu asubuhi na jioni, basi.

Karatasi: Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Beba chako mwenyewe, usimpe mwenzako akutunzie. Pale Busia siku hizi maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, kwa hiyo si kazi ya kutwa, lakini sisi ni wengi na mstari utakuwa mrefu. Maji, vitu vya kubadili, blanketi jepesi, mwavuli au karatasi ya nailoni kwa sababu Mei ni mvua. Mengine mtapewa kwenye orodha.

Kutoka Busia hadi Namugongo ni kama kilomita 200, na tutatembea kilomita 25 hadi 30 kwa siku. Tutaanza alfajiri, saa kumi na moja, tupumzike jua linapokuwa kali, tumalizie jioni kabla giza halijaingia. Hatutembei usiku. Wapo watakaotupita usiku na tochi, wakiimba vizuri, na mtatamani kuwafuata. Msiwafuate. Barabara hiyo ndiyo inayobeba mizigo ya bandari ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Kongo. Malori ya matangi na makontena yanapita mchana na usiku, na pembeni pa kukanyaga mara nyingi ni padogo kama upana wa mkeka. Tunatembea upande wa kulia, uso kwa uso na magari, mmoja nyuma ya mwingine, walio mbele na walio nyuma kabisa wamevaa jaketi za reflekta. Hakuna kusikiliza redio masikioni. Kwenye msitu wa Mabira, kabla ya Lugazi, miti inafunika barabara na kuna kona na miteremko. Hapo hata nyimbo tunanyamaza ili tusikie magari, tunasali rozari kimoyomoyo.

Barabara yenyewe mtaipenda. Ukishavuka mpaka, watu wa pande zote mbili ni Wasamia na Waiteso walewale, na mtasikia jina lako likiitwa na mtu ambaye ni binamu wa jirani yako. Karibu na Bugiri mashamba ya mpunga ya Kibimba yanatandazwa kando ya barabara, maji yanang'aa asubuhi, korongo wamesimama humo. Halafu mafunjo, halafu mihogo na viazi vitamu, nyumba za matofali ya kuchoma, watoto wanaokimbia wakipunga mikono hadi wachoke. Iganga ni mji wa kelele. Kakira ni miwa hadi upeo wa macho. Jinja mnavuka Nile kwa daraja jipya lile la nyaya lililofunguliwa mwaka 2018, na hapo watu hupenda kusimama. Tutavuka kwa haraka, tutaimba ng'ambo.

Lakini ninachotaka mkijue kuhusu Busoga si mandhari. Ni watu wake. Tunalala kwenye kumbi za parokia na madarasa ya shule, ila mvua ikitukamata katikati tunapokelewa popote. Kulikuwa na jioni moja mbele ya Bugiri, mvua ya mawe, kikundi kimetawanyika, na bibi mmoja akatuita kutoka mlangoni kwake kwa Kisoga, "Kodheyo, kodheyo", huku akitusukuma ndani mmoja mmoja kama vifaranga. Alikuwa Mwislamu, msala wake ulikuwa umening'inizwa ukutani. Alitupisha chumba, akatandika magunia na mikeka jikoni, akawasha moto, akachemsha sufuria kubwa ya viazi vitamu na nyingine ya chai ya majani ya mchaichai. Hakutuuliza dini wala tunakokwenda. Aliwauliza vijana majina ya mama zao.

Asubuhi nilipotoka nje nikaona pale alipohifadhi kuni, chini ya mabati. Palikuwa patupu. Ni msimu wa mvua, kuni kavu ni mali, na alikuwa amezichoma zote usiku ule kwa ajili yetu bila kusema neno. Alikuwa anaokota vijiti vibichi uani ili apike uji wa wajukuu. Tulimpa pesa akazikataa. Basi vijana wetu wakaweka mizigo chini, wakaenda na mjukuu wake hadi alikokatia, wakarudi na matita, wakapasua, wakapanga upya chini ya mabati, wengine wakajaza madumu yote ya nyumba kwa maji ya kisima. Tulichelewa saa tatu nzima. Tangu siku hiyo ni sheria ya kikundi hiki: hatuondoki mahali tulipolala mpaka kuni zimerudi na madumu yamejaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunalishika jembe siku ya kwanza.

Korona ilipofunga hija ya miguu mwaka 2020, na mwaka uliofuata hali ikawa ngumu vilevile, nilidhani watu wa njiani watapumzika na wageni. Tuliporudi mwaka 2022 walituuliza majina. Yule mzee mwenye fimbo nyeupe yuko wapi? Yule mama aliyekuwa anaimba sauti ya pili? Ikabidi tuwaambie ni nani alifariki. Mwanamume mmoja pale kwenye duka la kona alivua kofia akasimama nasi barabarani tukasali. Hao ndio wenyeji wenu. Msipige picha watoto wao bila kuomba, msitupe chupa kwenye mpunga wao, msiingie mwembeni mwao hata kama embe limeanguka lenyewe.

Nakuja kwenye wapagazi wetu wenyewe. Kikundi hiki kina gari dogo la kubeba sufuria na magunia, na kina dereva. Kina wapishi watatu ambao huondoka kabla yetu na kufika kabla yetu, wanaoosha sufuria sisi tukiwa tumelala. Kina vijana wanaobeba msalaba kwa zamu, na msalaba ule ni mti wa mvule, si mwepesi. Kina mtu wa nyuma kabisa, ambaye kazi yake ni kutomwacha yeyote nyuma yake. Siku ya kufika, picha hupigwa ya walio mbele na bendera. Sijawahi kuona picha ya mtu wa nyuma. Mwaka huu naomba mambo mawili. La kwanza, mwenye mwendo wa polepole atangulie mstari, si afuate. Mwendo wa kikundi uwe mwendo wake. La pili, kila jioni kabla ya sala tutaje majina ya waliobeba siku hiyo: msalaba, maji, sufuria, mtu. Majina yote mawili, la ubatizo na la kwao. Ni jambo dogo, litachukua muda mfupi kuliko litania, na halitamwacha mtu akafanya kazi hiyo bila kutajwa.

Tukifika Namugongo mtakuta umati ambao hamjawahi kuuona. Wengine watakuwa wametoka Bukoba kupitia Mutukula, wengine Kasese, Arua, Kongo, Rwanda. Mtatamani utulivu na hamtaupata. Kelele hizo ni za watu waliotembea kama nyinyi, zipokeeni. Basilika ina umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, inashikwa na nguzo 22, na imejengwa pale alipochomwa Charles Lwanga. Papa Paulo wa Sita alifika Namugongo mwaka 1969. Mwendo mfupi kutoka hapo ni mahali pa Waanglikana, Nakiyanja, na hapo tutakwenda sote, Wakatoliki na Waanglikana, kama tulivyotembea pamoja. Moto uliwachanganya, sisi tuna sababu gani ya kutengana? Tena Namugongo ilishapokea damu kabla ya Wakristo. Miaka ya 1870, enzi za Mutesa, baba yake Mwanga, Waislamu wengi waliuawa huko kwa sababu waliikataa nyama ya wachinjaji wa Kabaka na hawakukubali kusali nyuma ya mtu asiyetahiriwa. Wana msikiti pale. Nikipita mbele yake namkumbuka bibi wa kuni.

Sasa lile lililonifanya niombe nafasi hii hata kabla ya kualikwa. Tunapotoka Iganga kuelekea Jinja tunafika mahali panaitwa Musita. Mkono wa kushoto kuna barabara inayoshuka kusini kwenda Mayuge, na huko, karibu na ziwa, kuna kijiji cha Kyando. Ndiko Hannington na wapagazi wake walikouawa. Kila mwaka tunafika Musita tumechoka, tunaona kibao, tunanyoosha moja kwa moja kwa sababu tarehe 3 Juni haingoji mtu. Wanaokwenda Kyando ni zaidi ndugu zetu Waanglikana wa Busoga. Lakini sisi ndio tunaotoka Kwa Sundu. Msafara ule uliondoka hapa. Watu wale walikunywa maji ya mto wetu, wakalala kwenye uwanja wa Nabongo, na wenzao wakabaki hapa wakiwangoja wasirudi. Kama kuna parokia moja katika Afrika yote yenye wajibu wa kwenda kuwaombea, ni hii.

Najua itatugharimu. Kwenda Kyando kwa miguu na kurudi barabara kuu ni siku nzima zaidi, katikati ya safari, miguu ikiwa tayari imechoka. Dereva ameniambia barabara ile mvua ikinyesha ni tope. Wapishi wamesema watakubali kama tutakubali sote. Nimeshazungumza na Baba Paroko, amesema uamuzi ni wenu mnaotembea. Mchungaji amesema atatembea nasi kutoka Musita hadi Kyando na kuongoza sala huko, na kwamba angependa sala hiyo iwe kwa Kiswahili, kwa ajili ya wale wapagazi.

Ili tufike Namugongo kwa wakati, itabidi tuondoke hapa siku moja mapema kuliko tulivyotangaza kanisani. Wenye ruhusa za kazi na wenye watoto shuleni, mnajua maana yake. Sitamhukumu atakayesema hapana. Wazee watahesabu. Wanaokubali tupite Kyando, naomba mwinue mikono.